Laini 214 Imejibu

Jumatatu, 7 Septemba 1964

Laini zote nimepima. Nilianza saa kumi na mbili na nusu, nikamaliza saa mbili na robo. Mgongo unauma. Kengele mbili fupi kwa kila nyumba, halafu nangoja. Mtu akijibu, naandika namba yake katika daftari, naandika "imejibu", naandika na sauti ilivyokuwa: safi, ina mkwaruzo, iko mbali. Asipojibu, naandika "haijajibu". Kazi ni hiyo. Miaka kumi na mmoja naifanya katika chumba cha simu hapa Kisangani. Nimeifanya chini ya Wabelgiji, nimeifanya chini ya uhuru, sasa naifanya chini ya hawa waasi walioshika mji mwezi uliopita.

Karibu nusu ya nyumba hazina watu. Wenyewe wamekimbia. Alphonse, mwenzangu wa zamu ya mchana, anasema napigia panya simu. Yeye anaweza kusema hivyo kwa sababu yeye hapimi. Mwaka jana nilipougua malaria ndiye aliyekaa mahali pangu asubuhi. Nilirudi nikakuta "imejibu, safi" kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, wiki nzima, hata laini iliyokuwa imeangukiwa na mti. Mtu mzima, baba wa watoto watano. Aibu.

Laini za waliokimbia zingekatwa. Lakini kanuni inasema laini haikatwi mpaka mteja asaini karatasi ya kuacha simu. Aliyevuka mto na sanduku kichwani atasaini wapi? Basi waya zinabaki hai, na mimi napima. Wanaponiita Papa Règlement, Baba Kanuni, wanadhani wananitukana.

Na hawa wateja waliobaki! Miaka minne ya uhuru na bado hawajui kwamba kengele mbili fupi ni posta inapima, kengele moja ndefu ni mtu anakuita. Wengine wanapuliza ndani ya simu kama wanapoza uji. Mwenye duka la vitambaa leo nimemuuliza ananisikia, kimya. Nikauliza tena, kimya. Kumbe alikuwa anaitikia kwa kichwa.


Jumatano, 9 Septemba

Tangazo jipya mlangoni pa posta. Kila mwenye redio ya transista aipeleke ofisi ya usalama iandikwe. Sababu: eti transista inaweza kuwaambia watu wa ndege za serikali tulipo. Transista! Chombo kina sikio, mdomo hakina. Nilianza kumweleza mpiganaji aliyekuwa anabandika karatasi. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nimeze maneno yangu na kuondoka.

Mwalimu mmoja wa mtaa wa Mangobo amepigwa mpaka hawezi kutembea. Walikuta waya wa antena umefungwa kwenye mpapai wake. Waya tu. Transista yenyewe ilishauzwa zamani.

Wenye transista nao sitawatetea sana. Wanaanika betri juu ya bati zipate nguvu, zikivuja wananiletea mimi. Mimi ni mtu wa simu, si daktari wa betri.

Yetu nimeipeleka. Nimeandikwa, nimepewa karatasi, na transista wameibakiza kwao. Zaina, mke wangu, hajanisemesha tangu mchana. Kwao wana maduka tangu enzi za babu zake Waarabu, na wanajua kuficha vitu serikali yoyote ikija. Mimi sijui. Kanuni ni kanuni hata ikiandikwa na mjinga.


Ijumaa, 11 Septemba

Nina hasira. Ngoja niandike nipunguze.

Commandant wa usalama amekuja leo chumbani kwetu. Mwembamba, shati safi, anasoma haraka. Ndiyo hatari yake. Anataka sisi watu wa simu tusikilize mazungumzo yote na kumpelekea habari ya nani amesema nini. Nilimwambia siri ya simu ni kanuni ya kwanza kabisa, nilikula kiapo. Kinachopita sikioni mwangu kinaishia hapo. Nimesikia wanaume wakidanganya wake zao, nimesikia mapadri wakigombana, sijasema hata kwa Zaina. Alicheka. Alisema kiapo changu kilikuwa cha Wabelgiji.

Akamwita mpiganaji wake akae karibu yangu, avae chombo cha masikioni, asikilize mwenyewe. Kijana ana majani kichwani na mkuki mkononi. Akakataa. Dawa yake ya vita, ile ya kuzuia risasi, inamkataza kuruhusu sauti ya mwanamke imwingie sikioni, na katika waya huwezi kujua nani atasema. Commandant alikasirika, lakini angefanya nini? Amekunywa dawa ile ile. Kijana akarudishwa kusimama chini mlangoni. Nilicheka ndani ya tumbo tu.

Kicheko kikaisha upesi. Commandant akaona daftari langu la kupima. Akalifungua, akauliza kila safu ina maana gani, na mimi mjinga nikamweleza vizuri, kwa fahari. Basi ameamua. Kila Jumamosi atachukua nakala za wiki, zile za karatasi ya kaboni, azilinganishe na orodha yake ya nyumba za waliokimbia. Nyumba isiyo na mtu ikijibu simu, mle ndani kuna mtu amejificha.

Daftari la afya ya waya. Sasa limekuwa daftari la kuwinda watu. Kila mtu aliyewahi kufunga tai anatafutwa. Makarani wametupa miwani. Wa kwanza katika orodha ya posta ni inspekta wetu, Lifoko. Wengine wanasema yuko msituni, wengine wanasema mto umemchukua.

Huyo simpendi, na kwa kuwa hili ni daftari langu mwenyewe naandika wazi. Alipopewa kiti cha Mbelgiji alikuwa Mbelgiji kuliko Mbelgiji. Niliwahi kufuta tarakimu moja kwa raba. Moja! Akanisimamisha mbele ya wenzangu wote, akaniamuru ninakili upya daftari la mwezi mzima. Sijamwombea mabaya. Mazuri nayo sijamwombea.


Jumatatu, 14 Septemba

Nimefanya jambo baya.

Asubuhi nilipima kama kawaida. Nilikuwa na haraka kidogo, mvua ilikuwa inakuja. Laini 210 haijajibu. 211 haijajibu. 212 daktari, ina mlio wake wa siku zote. 213 haijajibu. 214, kengele mbili fupi, simu ikainuliwa.

"Deux cent quatorze. Audition bonne."

Simu ikarudi chini. Nikaandika: 214, imejibu, safi. Nikaenda 215.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Mkono uliandika wenyewe. Nilikuwa nimefika laini 230 na kitu ndipo moyo ukashtuka. 214 ni nyumba ya injinia Mbelgiji, kule upande wa mto. Imefungwa tangu Juni. Iko katika orodha ya Commandant, ukurasa wa pili. Nimeiona kwa macho yangu.

Na sauti naijua. Ningeijua hata katikati ya soko. Hakuna mtu mwingine Kisangani anayejibu kipimo namna hiyo: namba kwanza, halafu hali ya usikivu, halafu anafunga bila salamu. Ndivyo alivyotufundisha sisi wote. Pua yake imeziba tangu nimjue.

Ni Lifoko. Amejificha mle ndani, mji mzima unamtafuta kwa mikuki, naye amesikia kengele mbili fupi akajibu! Mtu mwingine yeyote angejificha chini ya kitanda. Mwizi angeacha ilie. Mtoto mdogo angeacha ilie. Ila mtu wa simu hawezi kusikia kipimo akakiacha bila jibu. Na mtu wa simu mwingine, mimi, hawezi kusikia jibu akaliacha bila kuandika.

Wajinga wawili. Sijui nimkasirikie nani kwanza.

Wino. Kurasa zina namba. Chini yake kaboni. Jumamosi wanachukua.


Jumanne, 15 Septemba

Sikulala vizuri. Asubuhi mbele ya tundu la 214 mkono ulisimama. Nikipiga atajibu, namjua. Sikupiga. Nikaandika "haijajibu". Uongo wangu wa kwanza katika daftari lile.

Lakini mstari wa jana uko pale pale. Kuchana ukurasa siwezi, namba itaruka, nao wanahesabu. Kuongeza wino juu yake ni kuwaonyesha mahali pa kutazama.

Nimemwambia Zaina. Nilifikiri atalia au atanikataza. Aliniuliza tu: "Na mule ndani anakula nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia mambo yote aliyonifanyia Lifoko, moja moja, tangu mwanzo. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Halafu akasema: "Bon. Sasa umemaliza kumusema. Utafanya nini?"

Wanawake wana namna ya kufupisha mambo.


Jumatano, 16 Septemba

Niliomba kibali cha kwenda upande wa mto kukagua waya. Kule wameweka kizuizi, bila karatasi hupiti. Wamekataa. Waya ziko salama, wanasema, daftari langu mwenyewe linasema safi.

Nimefikiri kumpigia kengele moja ndefu, nimwambie aondoke. Hatajibu. Kengele ndefu ni mtu wa nje, na yeye anawakwepa watu wa nje. Nikipiga mbili fupi atajibu, lakini chumba kina meza tatu na masikio sita. Mwenzangu mmoja ameanza kuwapelekea waasi maneno, nina hakika. Juzi alipata viatu vipya.

Nakasirika kwamba mtu huyu ananitesa hata akiwa amefungiwa ndani ya nyumba.


Ijumaa, 18 Septemba

Kesho.

Makarani wawili wa ofisi ya ardhi wamechukuliwa leo. Walikuwa wamejificha kwa dada yao. Niliwajua. Hawatarudi, kila mtu anajua hawatarudi.

Nimekaa mchana kutwa nikitafuta la kusema. Mvua. Mvua inaingia kwenye waya, kifuniko cha laini, kile kinachoanguka mtu anapoinua simu, kinaanguka chenyewe mezani, unadhani mtu amejibu. Hiyo ni kweli, hutokea. Commandant ataikubali. Lakini niliandika na neno la pili. "Safi." Mvua haina sauti safi. Safu yangu mwenyewe, fahari yangu mwenyewe. Mtu atasikiaje sauti safi ya mtu asiyekuwepo?

Kuna jibu moja tu. Nimeligeuza kila upande. Linanichukiza.


Jumamosi, 19 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi, Zaina ameniwekea kitambaa cha maji ya chumvi mgongoni. Nitaandika kidogo kidogo.

Commandant alikuja saa nne. Alisoma nakala amesimama, kidole juu ya orodha. Wenzangu wote walikuwa wameitwa, hata wa zamu ya mchana, Alphonse mlangoni. Kidole kilisimama.

"Hii iko nini? 214 imejibu. Nani iko mule ndani?"

"Hakuna mutu, mon commandant. Ni mvua. Kifuniko kinaangukaka."

"Na hii? Umeandika safi. Sauti ya nani?"

"Ya mutu hapana." Nilisema haraka nisije nikarudi nyuma. "Mi sipimaka. Nakaaka tu, najaza. Imejibu, safi, imejibu, haijajibu. Tangu siku mingi. Hakuna mutu anaangaliaka."

Nilimwona Alphonse amefungua mdomo.

"Alors weye uko mwongo ya kitabu."

"Ndiyo, mon commandant."

Kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja ya kuamka kabla ya jogoo, na nimeiuza kwa sentensi mbili mbele ya wenzangu. Jambo lililoniumiza zaidi ni jinsi walivyoamini upesi. Commandant hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha anachokijua siku zote kuhusu watu wa serikali.

Lakini ana akili, Mungu amlaani. Akavuta kiti. Akasema: "Piga sasa. Mbele yangu. Vile mutu wa kazi anapaswa kupima."

Niliketi mezani. Nilitia waya katika tundu la 214. Mgongo wangu ulikuwa kati ya mkono wangu na wale waliosimama mlangoni, wanaoijua tofauti ya kengele; Commandant haijui. Nikabonyeza kengele. Ndefu. Nikaiachia, nikabonyeza tena. Ndefu. Tena. Ndefu. Nilikuwa nalia ndani: usijibu, we mtu wa kichwa kigumu, hii si posta, ni mtu wa nje, usijibu. Commandant alikuwa amechukua chombo cha masikioni, anasikiliza mwenyewe. Dawa yake leo aliisahau.

Kimya. Kengele kumi ndefu. Kimya.

Alivua chombo, akakiweka mezani polepole. Akaniambia niandike katika daftari, ukurasa ule ule, kwamba Barnabé wa chumba cha simu amejaza bila kupima, na nisaini. Nikaandika. Herufi zangu hazikutetemeka, ndiyo kitu pekee ninachojivunia leo.

Fimbo kumi na mbili uani, wafanyakazi wote wamepangwa mstari. Halafu nimefukuzwa. Mwenye viatu vipya alikuwa anachungulia kwa mbele apate kuona vizuri.

Halafu Commandant akamgeukia Alphonse. Kuanzia Jumatatu anapima yeye. Laini zote, bila kuruka hata moja. Akijaza bila kupima, uani hatatoka na fimbo kumi na mbili tu. Alphonse alijibu "oui, oui, oui" mpaka Commandant alipoondoka.

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa chini kwenye mchanga, na mchanga uko kinywani, nikaelewa. Alphonse mvivu angemwacha Lifoko hai miaka kumi. Alphonse mwenye woga atapima. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, kengele mbili fupi, na yule mwehu atajibu.

Sijawahi kumwomba Mungu amfanye mtu awe mvivu. Leo nimeomba.


Jumapili, 20 Septemba

Siku ya misa kizuizi kinaacha watu wapite kwenda misheni. Nilivaa koti juu ya vidonda. Zaina alinifunga mgongo kwa kitenge chake cha zamani ili damu isitoke nje. Katika mfuko wa ndani, koleo yangu ya kazi. Wakinikuta nayo, kukata waya ni kifo, tangazo limebandikwa tangu wiki ya kwanza. Miaka yote nimewalaani wezi wa waya. Wanaokata shaba watege panya, wanaokata watengeneze bangili. Niliwahi kumfukuza mmoja mpaka maporomokoni kwa wavuvi Wagenia, kwa ndugu zangu wenyewe, wakanicheka wote wamesimama juu ya miti ya mitego yao.

Watu waliingia kanisani wakaanza kuimba. Nilibaki nyuma kama mtu anayetafuta mahali pa kukojoa, halafu nikapita ua wa nyumba mbili. Nyumba ya injinia ina nyasi hadi madirishani. Waya unaingia nyuma, karibu na jiko, si juu. Nilijua, ni mimi niliyemwandikia fundi agizo lake.

Nilisema karibu na dirisha, taratibu: "Monsieur l'inspecteur. Iko Barnabé. Wa posta."

Nikarudia. Halafu sauti ya pua iliyoziba, nyuma ya mbao, karibu sana na sikio langu.

"Barnabé. Nani anapima kesho?"

Si "habari". Si "asante". Nani anapima kesho.

"Alphonse."

"Alphonse hapimaka."

"Sasa atapima. Wamemutia woga. Kwa nini ulijibu, monsieur l'inspecteur? Kwa nini?"

Walikuwa wanaimba wimbo wa pili kule misheni.

"Deux courtes," akasema. Mbili fupi. "Niliisikia, mukono ikaenda. Nilikuwa nimeshaiinua mbele ya kufikiri." Halafu: "Na weye, kwa nini hupimi?"

"Wamenifukuza. Ni juu ya daftari."

"Ulifuta?"

Ningeweza kuvunja dirisha lile. Mgongo wangu unawaka moto kwa ajili yake, na yeye ananiuliza nilifuta! Nilitaka kumwambia kila kitu, fimbo moja moja, na sentensi niliyosaini. Maneno yalifika kwenye meno. Sijui kwa nini sikuyatoa. Nadhani ni kwa sababu angelazimika kukiri kwamba haki ni yangu, na mimi sikutaka haki kutoka kwa mtu aliyefungiwa gizani na makopo ya dagaa.

"Sikufuta," nikasema.

"Bien."

Nikamwambia nakata waya. Akasema: "Kata. Mais acha urefu ya kutosha. Siku moja watu watauunga."

Nikaacha sentimita ishirini, kama kanuni inavyotaka. Koleo ilibana, shaba ikakatika, haikutoa sauti kubwa. Nilifunga ncha isiguse ukuta. Nikamuuliza anakula nini, kwa sababu Zaina angeniuliza. Makopo ya Mbelgiji yako mengi, alisema, dagaa na njegere, na maji ya mvua yanaingia kwenye pipa. Nikampitishia chikwanga mbili, mikate ya muhogo, chini ya mlango. Vidole vyake vilizichukua. Vimekonda.

Nilirudi misa haijaisha. Nikapiga magoti nyuma. Sikuomba chochote, nilikuwa nimechoka.


Jumatatu, 21 Septemba

Niliamka saa kumi na moja. Mwili haujaambiwa nimefukuzwa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikaa kwenye kigoda uani. Nilijua yuko laini gani kwa kila dakika. Sasa kumi. Sasa hamsini, soko la kati. Sasa mia na ishirini. Alphonse ni mzito, nilimwongezea nusu saa. Ilipofika zamu ya 214 nilisimama. Zaina alinitazama akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Hakuna gari lililoelekea upande wa mto. Nilisimama njia panda mpaka saa sita, jua kali juu ya vidonda. Hakuna gari.

Mchuuzi wa mafuta ya mawese alinipita akasema kwa mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba huyu ndiye yule wa simu aliyekuwa analipwa kwa kulala. Mji mdogo huu. Nilitaka kumwambia kwamba hata simu hana.


Jumanne, 22 Septemba

Alphonse amekuja kunitembelea alasiri baada ya kazi. Ameleta sabuni kipande na samaki mkavu. Alikaa penye kivuli, akakataa kunywa, halafu akanywa.

Amebadilika. Macho mekundu, vidole vina wino. Jana amepima zote, leo zote. Alinieleza kama mtoto aliyefaulu. Hajawahi kujua, anasema, kwamba laini ya daktari ina mlio wa nzi ndani yake. Nikamwambia inao tangu mwaka wa hamsini na tisa. Akafurahi sana kusikia hivyo.

Halafu akatoa karatasi mfukoni. Ana swali, anasema, na hana wa kumuuliza mwingine. Laini 214 imekufa kabisa. Si kwamba hakuna anayejibu, waya wenyewe umekatika, sindano ya kipimo haichezi. Ameandika "imekufa". Sasa kanuni inasema laini iliyokufa ipelekwe kwa fundi ndani ya siku mbili, na fundi aende nyumbani kwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kanuni hiyo, miaka saba iliyopita, na alikuwa anasinzia. Leo anaikumbuka neno kwa neno. Amejaza karatasi ya fundi, mwandiko mzuri, tarehe, namba ya nguzo. Alitaka niangalie kama hakukosea.

Hakuwa amekosea hata mahali pamoja.

Niliishika karatasi ile. Nilikuwa sijaona karatasi ya fundi iliyojazwa vizuri hivyo tangu uhuru. Zaina aliacha kutwanga.

"Acha," nikamwambia. "Usiipeleke. Nani ataangalia? Andika tu haijajibu kama zingine. Utajichosha bure."

Alinitazama kwa muda. Kulikuwa na huruma usoni mwake, na kitu kingine, kama mtu aliyetoka mbali kuja kuona nyumba akaikuta ni ukuta wa mbele tu.

"Papa," akasema pole pole, "kumbe ile ulisema mbele ya commandant ilikuwaka kweli."

Nikachana karatasi mara mbili, nikaiweka kwenye moto wa Zaina. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa kweli.

Alikaa kidogo zaidi kwa adabu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru kwa sabuni na samaki, nikamwambia awasalimu watoto.